Chochea, Mchochezi, Uchochezi: Historia ya Neno

Miongoni mwa maneno ambayo watafsiri na maofisa wa serikali huyatumia kila siku bila kuyapima, neno uchochezi lina nafasi ya pekee. Limo katika sheria, limo katika magazeti, limo katika barua za ofisi za kata na za vijiji, na mwananchi akiambiwa kwamba ametenda jambo hilo huelewa mara moja kwamba amefika pabaya. Katika makala haya tunakusudia kulifuata neno hili tangu asili yake, kueleza jinsi lilivyoingia katika lugha ya mahakama, na kutoa maoni yetu juu ya matumizi yake wakati huu ambapo sheria za nchi zinafasiriwa kwa Kiswahili. Mifano mingi tutaitoa katika nchi ya Wasukuma, hasa Bariadi na sehemu jirani ambazo tangu mwaka 2012 zimekuwa Mkoa wa Simiyu. Huko moto wa kweli na moto wa maneno vilishughulikiwa na serikali ile ile, mara nyingi katika miaka ile ile, na kwa hiyo tunaweza kuona vizuri jinsi mfano wa moto ulivyopita kutoka katika shughuli za watu na kuingia katika siasa.

Tuanze na shina la neno. Chochea ni kitenzi kilichonyambuliwa kutoka chocha, yaani kusukuma au kugusa kwa kijiti au kitu chenye ncha, kama afanyavyo mtu anayetafuta kitu kilicho shimoni. Yaelekea chokoa, chokora na chokoza ni maneno ya jamaa hiyo hiyo, maana yote yana kile kijiti ndani yake. Anayechochea moto huzisukuma kuni zikutane katikati ya mafiga, huyapangua majivu, huupa moto pumzi. Zamani za taa za mafuta watu walichochea utambi ili mwanga uongezeke. Katika reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, ambayo hupita Malampaka katika Wilaya ya Maswa, kuchochea tanuri la injini ya mvuke ilikuwa kazi ya mshahara, wala hakuna aliyeidhania kuwa ni kosa.

Jambo moja katika maana hii ya asili lataka kuangaliwa sana, kwa kuwa hoja yetu yote imejengwa juu yake. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya moto, na kila kimoja kina mahali pake. Mtu hukoka moto au huuwasha pale usipokuwapo. Huchoma kitu ambacho moto utakila. Huupepea au huuvuvia ukiwa dhaifu, huukoleza ukiwa unawaka, na hupalia makaa akitaka kuyaongeza, ndiyo maana tunasema kwamba fulani amempalia mwenzake makaa pale anapomzidishia matata. Chochea limo katika kundi hili la mwisho. Mtu hachochei jiko la baridi. Pasipo na kaa la moto na kuni zilizokwisha kushika, kijiti cha mchochezi hakina kazi ya kufanya. Kwa hiyo neno lenyewe limebeba ushahidi wake: mtu akilitamka tu, amekwisha kukiri kwamba moto ulikuwapo kabla ya mchochezi kufika.

Lugha nyingine zilizotumia mfano wa moto kwa jambo hili hazikuutumia kwa namna hiyo. Kilatini kilikuwa na neno incendiarius kwa mtu anayechoma nyumba, na Kiingereza kililirithi kwa maana mbili, yaani mchoma nyumba na msema maneno ya kuleta ghasia. Kifaransa kina boutefeu, ambalo kwanza lilikuwa jina la fimbo yenye utambi wa kuwashia mzinga, na baadaye likawa jina la mtu anayeanzisha ugomvi. Katika maneno hayo mhusika ndiye mwanzilishi wa moto, na kabla yake palikuwa shwari. Kiarabu nacho kilishika njia nyingine. Shina fatana lilitumiwa kwa kazi ya kuyeyusha dhahabu au fedha motoni ili iliyo safi itengane na takataka, na hapo likapatikana neno fitna, kwanza kwa maana ya jaribio, kisha kwa maana ya mfarakano. Kiswahili kililipokea neno hilo kuwa fitina na kuuacha nyuma mfano wa mfua dhahabu. Mfitini tunayemjua sisi hapimi usafi wa mtu yeyote, anatenganisha watu tu. Basi tunao moto wa aina tatu: wa Ulaya unaowasha, wa Uarabuni unaopima, na wetu unaosukuma kuni zilizokwisha kushika moto. Kwa maoni yetu, huu wa tatu ndio unaosema kweli zaidi juu ya watu na ghasia zao, lakini ndio pia uliotumiwa vibaya zaidi.

Sasa twende Bariadi. Kabla haijawa wilaya yake yenyewe, Bariadi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa. Watu wake, Wasukuma na hasa Wanyantuzu, ni wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, na katika kazi zote mbili hizo wana shughuli na moto. Jioni wanaume na vijana walikaa kwenye shikome, moto wa uani uliowashwa kwa kuni au kwa samadi kavu, na hapo ndipo hadithi, nasaba na adabu zilipofundishwa. Moto ukifa, mazungumzo nayo huelekea kufa. Aliyeinuka kuuchochea alikuwa akiwatumikia wenzake. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo akisikia kitenzi chochea hawezi kudhani kwamba kimezaliwa kibaya.

Serikali ya kikoloni iliukuta moto huo na ikataka kuutawala. Wafugaji walichoma nyika wakati wa kiangazi ili majani mapya yachipue. Moto uliochomwa ovyo ulikatazwa, na kwa sababu zinazoeleweka, maana unaharibu miti na malisho. Lakini katika miaka ya 1920, huko Shinyanga, C. F. M. Swynnerton, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o katika Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1938, alianzisha uchomaji uliopangwa. Majani yaliachwa yakauke kabisa, kisha yakachomwa kwa pamoja mwisho wa kiangazi ili moto uwe mkali wa kutosha kuviangamiza vichaka vinavyoficha mbung'o. Hivyo moto uliokuwa kosa mikononi mwa mchungaji ukawa elimu mikononi mwa serikali.

Pamba ilileta amri nyingine. Kanuni za kilimo zilimlazimisha mkulima ang'oe mabua ya pamba baada ya mavuno na kuyachoma, ili wadudu wasipate makao hadi msimu mwingine. Shauri lenyewe ni zuri, na mabwana shamba wameendelea kulitoa baada ya Uhuru. Lakini katika nchi yenye uhaba wa kuni, ambamo mabua hayo hayo ndiyo yanayopikia ugali, amri ya kuyateketeza shambani haikuwa jambo dogo, na asiyewasha moto alishtakiwa kama alivyoshtakiwa yule aliyeuwasha pasipo ruhusa. Wazee wa nchi hiyo walikuwa na haki ya kushangaa kidogo.

Amri ya mabua ilikuwa moja tu kati ya nyingi. Tangu mwaka 1947 mpango wa maendeleo ya nchi ya Wasukuma, ambao makao yake yalikuwa Malya, uliambatana na kanuni za kulima matuta, kutia samadi, kupunguza mifugo, na baadaye kodi ya ng'ombe. Watu walitozwa faini katika mabaraza ya watawala wao wenyewe, na kwa sababu hiyo hasira zao ziliwaangukia watemi pamoja na maofisa. Manung'uniko hayo yalikuwapo kabla TANU haijazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Yalisikika katika mikutano ya TAA huko Mwanza, ambako mshairi Saadani Abdu Kandoro alikuwa katibu, na katika vyama vya ushirika wa pamba vilivyoongozwa na Paul Bomani. Mwishoni mwa mwaka 1954 serikali ilikataa kuyaandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na katazo hilo likadumu hadi mwaka 1958. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, wakaenda Mwanza kulalamika, wakatawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi.

Maofisa wa wakati ule walikuwa na maelezo mafupi juu ya mambo haya yote: kuna wachochezi. Mkulima, kwa maelezo hayo, ni mtu mtulivu aliyeridhika, na kama amekataa kulima matuta ni kwa kuwa mtu wa mjini amekuja kumtia maneno. Hapa ndipo neno letu lilipogeuzwa. Katika Kiswahili cha asili, mtu akisema kwamba fulani amechochea, swali linalofuata ni hili: moto huo ulikuwa wa nani, na kuni zake zilitoka wapi? Katika Kiswahili cha ofisi swali hilo liliondolewa. Mchochezi akawa ndiye mwanzo na mwisho wa jambo. Kwa maneno mengine, walichukua neno la Kiswahili na kulitia maana ya boutefeu. Matuta, kodi na upunguzaji wa mifugo havikutajwa tena kuwa kuni.

Sheria ilikwenda njia hiyo hiyo. Neno la Kiingereza lililohitaji tafsiri lilikuwa sedition, ambalo limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kwenda kando, kujitenga. Halina moto ndani yake hata kidogo. Tungeweza kulitafsiri kwa neno lenye asili ya kujitenga au kuasi. Lakini fasili ya kosa hilo katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilizungumza juu ya nia ya kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe, na nia ya kuamsha uhasama dhidi yake. Wakalimani wa mahakama, ambao kazi yao ni kumfanya mshtakiwa aelewe papo hapo, wanahitaji kitenzi zaidi kuliko jina. Kwa hiyo kilichofasiriwa hasa, kwa maoni yetu, ni kile kitenzi cha kuamsha kilichomo katika fasili, na kutoka hapo likapatikana jina la kosa zima. Hatuwalaumu. Walitoa neno ambalo kila mtu alilielewa. Ila walipolitoa, waliuleta mahakamani moto ambao sheria ya Kiingereza haikuwa nao.

Mwaka 1955 serikali ya Gavana Edward Twining iliongeza katika Kanuni hiyo kifungu kinachomtia hatiani mtu anayesema mbele ya mkutano maneno yanayoelekea kuleta manung'uniko miongoni mwa wakazi wa nchi, au kukuza chuki kati ya makundi yao. Mwaka 1958 Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka huo huo Julius Nyerere alishtakiwa kwa yale aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana wilaya wawili, wa Musoma na wa Geita, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Kesi hizi mbili huchanganywa mara nyingi, hata katika vitabu vya shule. Kosa la Nyerere halikuwa uchochezi bali kashfa, na mwalimu anayeandika kwamba Nyerere alishtakiwa kwa uchochezi anapoteza tofauti ambayo mahakama yenyewe iliizingatia. Huko Unguja, Abdulrahman Mohamed Babu alifungwa mwaka 1962, na kosa lake yeye lilikuwa uchochezi.

Mtu angetazamia kwamba baada ya Uhuru neno hili lingestaafu pamoja na waliolitumia. Halikustaafu. Makosa ya uchochezi yalihamishiwa katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, na kutoka huko yakaingia katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Mnamo Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo ya 2016, pamoja na vile vya uchochezi, vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba fasili ya kosa ilitegemea jinsi wasikilizaji wanavyoweza kuyapokea maneno, na kwa hiyo msemaji hawezi kujua mapema kama anavunja sheria au havunji. Majaji hawakuwa wakijadili Kiswahili, lakini walilifikia jambo lile lile tulilolieleza juu ya mafiga: mwenye kijiti anahukumiwa kwa ukavu wa kuni.

Majirani zetu walifanya vingine. Kenya ilifuta kosa la namna hiyo mwaka 1997, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikalibatilisha mwaka 2010. Hapa watafsiri wanapaswa kuwa waangalifu. Mkenya anaposoma gazetini leo kwamba mwanasiasa ameshtakiwa kwa uchochezi, anaelewa kwamba amewahimiza watu wafanye fujo au kuwadhuru watu wa kabila lingine. Mtanzania anaposoma sentensi hiyo hiyo anaweza kuelewa kwamba mtu huyo ameisema vibaya serikali. Neno ni moja, tahajia ni moja, makosa ni mawili. Hatujui istilahi nyingine ya sheria inayoweza kumpotosha msomaji wa upande wa pili wa mpaka kwa urahisi kiasi hiki.

Wakati huo huo jamaa wengine wa neno hili wameishi maisha ya heshima. Kichocheo ni istilahi ya kemia inayofundishwa shuleni, kwa kitu kinachoharakisha mabadiliko. Wachumi huandika kwamba barabara huchochea biashara. Na Bunge lilipotunga mwaka 2009 sheria ya fedha za miradi midogo ya wananchi, liliiita Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Mbunge wa Bariadi, kama wenzake wote, akawa na fungu la kuchochea kwa mujibu wa sheria. Inaonekana Kiswahili kimegawa kazi kwa viambishi: kichocheo na kitenzi chenyewe vikabaki safi, mchochezi na uchochezi vikabeba lawama yote. Mgawanyo huu si mbaya, na mwalimu anaweza kuutumia kueleza jinsi viambishi vinavyoweza kubeba hukumu ya jamii. Lakini unathibitisha kwamba ubaya haumo katika tendo la kuchochea, umo katika kile kinachochochewa.

Historia ina mfano wa kusikitisha wa jambo hili. Katika Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974, kuna sehemu za nchi ambako nyumba za waliosita kuhama zilichomwa moto ili wasirudi. Mtu aliyesimama kusimulia moto huo angeweza kuitwa mchochezi. Aliyeshika kiberiti hakupata jina.

Sasa tuje kwenye kazi iliyo mbele yetu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, si mahakama za mwanzo peke yake kama ilivyokuwa kwanza. Katika kufasiri, mtafsiri hukutana na maneno manne ya Kiingereza ambayo yote humvuta kuelekea kwenye chochea. Kumhimiza mtu atende kosa, tunaona kwamba kunatoshelezwa na ushawishi wa kutenda kosa. Kumkasirisha mtu hata akapoteza subira, jambo ambalo katika kesi za mauaji laweza kupunguza hatia, ni uchokozi. Kuchoma nyumba kwa makusudi, ambako adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, ni uchomaji moto wa mali, na tusiliite hilo uchochezi hata kwa mzaha. Linabaki lile la kwanza, sedition, na hapo hatuoni njia ya kuliondoa neno uchochezi, kwa kuwa limekwisha kuota mizizi.

Lakini tunapendekeza kwamba neno hilo lisiandikwe peke yake kamwe. Mwandishi aseme uchochezi wa nini na dhidi ya nani: uchochezi wa uasi dhidi ya mamlaka, uchochezi wa vurugu, uchochezi wa chuki kati ya makabila. Hili si suala la ufasaha tu. Mtendaji wa kijiji anapoandika kwa mkuu wa wilaya kwamba mkulima fulani anafanya uchochezi, na mkulima huyo aliuliza tu kuhusu makato ya fedha za pamba yake, neno lililokosa kijalizo linaweza kumtoa nyumbani kwake usiku. Mtendaji huyo huyo akilazimika kujaza nafasi iliyo baada ya neno, huenda kalamu yake ikasimama.

Watafsiri wa Kanuni ya Adhabu watakutana pia na kile kifungu cha mwaka 1955. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika humo maana yake ni kuleta au kuinua, na kinachoinuliwa ni manung'uniko. Wengine wameelekea kuandika kuchochea manung'uniko. Tunashauri iandikwe kuleta manung'uniko, maana anayeandika kuchochea ameibadili sheria bila kukusudia. Mwendesha mashtaka atapaswa kwanza kuthibitisha kwamba manung'uniko yalikuwapo kabla ya mshtakiwa kufungua kinywa, na wakili yeyote anayekijua Kiswahili chake atamdai uthibitisho huo.